Mweleze Bibi: Kiswahili cha Getini na cha Maegesho



Somo la wiki hii linahusu jambo linaloonekana dogo: kibali cha mgeni kuegesha gari ndani ya eneo la chuo kikuu. Huenda mtoto akauliza, "Mwalimu, hilo na Kiswahili wapi na wapi?" Ni swali zuri. Hapa Maskati mabango yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Mlinzi wa geti ataongea nanyi kwa Kiarabu au Kiingereza. Geti litafunguliwa bila neno hata moja la Kiswahili.

Lakini hebu tuhesabu watu waliomo ndani ya gari. Mbele yuko baba, anaendesha. Wewe uko nyuma. Na pembeni yako yuko bibi, aliyezaliwa Unguja au Pemba, ambaye Kiswahili ndiyo lugha anayoifikiria na kuiota. Dirisha linateremshwa, maneno yanapita kwa haraka, bataka inachukuliwa, mlinzi anatikisa kichwa. Bibi anaona yote na haelewi hata moja. Tumekataliwa? Tumekosa? Twarudi nyumbani?

Mlinzi hahitaji Kiswahili chako. Bibi ndiye anayekihitaji. Hilo ndilo somo letu.

KWA NINI NI MUHIMU

Kutoka Ghala, ukishika barabara ya Sultan Qaboos kuelekea magharibi na kupita uwanja wa ndege, unafika Al Khoudh, kwenye Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1986, na hospitali yake, iliyomo katika eneo hilohilo, ilifunguliwa mwaka 1990. Kwa hiyo wanaokwenda kule si wanafunzi peke yao. Wapo wazazi wanaokwenda kwenye mahafali, wapo wanaopeleka nguo na vyakula kwa binti anayesoma, na wapo wazee wenye miadi ya daktari. Chuo kikubwa ni kama mji, na mji wenye wenyeji huwa na utaratibu wa wageni.

Mimi ni muuguzi. Kabla ya kumpima mtu presha, tunamtaka akae ametulia kama dakika 5, kwa sababu haraka na wasiwasi vinaweza kupandisha kipimo. Sasa mfikirie mzee aliyekaa robo saa kwenye gari akisikia sauti zikipanda, asijue zinasema nini, kisha akaharakishwa kwenye korido. Anapofika kwetu moyo unamwenda mbio. Mara nyingi ugonjwa haujazidi. Ila njiani hakuna aliyemwambia kinachoendelea.

Mtoto wa miaka 10 anaweza kulizuia hilo kwa sentensi 3 tu. Tujifunze.

MANENO YA WIKI HII

Kibali (wingi: vibali). Karatasi, kadi au ujumbe unaoonesha kwamba umekubaliwa. Limetoka kwenye neno kukubali.

Ruhusa. Kuachiwa ufanye jambo. Ni ndugu wa neno la Kiarabu rukhsa, ambalo hapa Oman mnalisikia kila siku wakubwa wanapotaja leseni ya udereva. Ruhusa inaweza kuwa ya mdomo tu. Kibali kwa kawaida huonekana.

Idhini. Ruhusa inayotolewa na mwenye mamlaka. Mkuu wa idara hutoa idhini, ofisi hutoa kibali, mlinzi hukuruhusu kupita. Maneno matatu, hatua tatu.

Kuegesha na maegesho. Watu wengi husema kupaki na pakingi, na si vibaya. Lakini kuegesha ni neno zuri la pwani. Kabla ya magari, chombo cha baharini ndicho kilichoegeshwa: nahodha alisogeza jahazi taratibu mpaka likakaa ubavuni mwa gati. Kwa hiyo baba anapotafuta nafasi kati ya magari mawili, anafanya kazi ya nahodha. Mwambieni!

Mlinzi. Mtu anayelinda. Wazee wanaweza pia kusema bawabu, yaani mtu wa mlangoni. Wanaosoma Kiarabu watalisikia neno baab ndani yake.

Kuzuru na ziara. Kwenda kumtembelea mtu au mahali. Ukiona bango la Kiarabu lenye neno zuwwar, ni wageni, watu wa ziara. Na neno mawaqif, yaani maegesho, lina mzizi mmoja na wakfu yetu: wakfu ni mali iliyosimamishwa isiuzwe wala kurithiwa, na mawaqif ni mahali pa kusimamisha gari.

Faini. Malipo ya kosa. Polisi wa hapa huliita kosa la barabarani mukhalafa. Mzizi huo tunao katika kuhalifu, yaani kwenda kinyume na amri, na katika mhalifu. Faini hulipwa kwa riali na baisa. Baisa na pesa ni neno moja lililopita njia mbili: yote yametokana na paisa ya Bara Hindi. Sultani Barghash alitoa sarafu za shaba za pesa kule Zanzibar mwaka 1882.

Milki. Mali ya mtu. Kadi ya gari ambayo baba anaiita mulkiya inatokana na mzizi huo: inaonesha gari ni milki ya nani.

Mnaona? Mtoto anayejua Kiarabu cha skuli tayari ana nusu ya msamiati huu mkononi. Inabaki kuuvisha nguo za Kiswahili.

MAZUNGUMZO

Someni kwa sauti, watu wanne. Baba na mlinzi wanazungumza kwa Kiarabu, lakini hapa tumeandika kwa Kiswahili ili tufuatilie. Mtoto na bibi wako kiti cha nyuma.

Mlinzi: Mnakwenda wapi?
Baba: Kliniki. Mama ana miadi.
Bibi: Kasemaje?
Mtoto: Anauliza tunakwenda wapi, bibi. Baba amemwambia una miadi ya daktari.
Mlinzi: Naomba bataka yako, na nambari ya gari.
Bibi: Mbona kachukua bataka? Tuna kosa?
Mtoto: Hatuna kosa, bibi. Anaandika jina tu, atairudisha.
Bibi: Basi katuruhusu?
Mtoto: Bado. Hajaturuhusu. Anapiga simu kwanza.
Mlinzi: Tayari. Maegesho ya wageni yako mkono wa kulia. Kibali ni mpaka saa nane mchana.
Mtoto: Bibi, ametupa kibali. Tutaegesha mkono wa kulia. Kinakwisha saa nane mchana.
Bibi: Saa nane! Na daktari akichelewa?
Mtoto: Ngoja tumuulize. Baba, bibi anauliza, daktari akichelewa tufanyeje?
Baba: (anamuuliza mlinzi) Anasema tuje getini kabla muda haujakwisha, atatuongezea.
Mtoto: Umesikia, bibi? Tukichelewa, tunakuja kumwambia kabla ya saa nane.
Bibi: Haya. Mwambieni Mungu ambariki.
Mlinzi: (kwa Kiswahili) Amin, bibi. Shikamoo.
Bibi: Marahaba, mwanangu! Kumbe wajua!

Maelezo mawili. La kwanza: bibi anasema kasemaje, kachukua, katuruhusu. Hivyo ndivyo wengi wa Unguja wanavyozungumza nyumbani. Katika maandishi ya skuli tunaandika amesemaje, amechukua, ameturuhusu. Yote ni Kiswahili. Msimsahihishe bibi, yeye ndiye kitabu.

La pili: hapa Maskati huwezi kujua nani anasikia Kiswahili. Basi msimseme mtu vibaya kwenye gari mkidhani lugha yenu ni siri.

Sasa tazameni mtoto amefanya nini. Hakutafsiri kila neno. Amemwambia bibi mambo matatu: mlinzi anataka nini, tumeruhusiwa au bado, na mwisho wake ni saa ngapi. Kisha amelichukua swali la bibi na kulipeleka mbele. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mzee anayeelezwa tu bado ni abiria. Mzee ambaye swali lake limeulizwa na kujibiwa ni mtu mzima anayeheshimiwa.

SARUFI: KU NA JA

Tazama sentensi hizi mbili:

Hakuturuhusu.
Hajaturuhusu.

Tofauti ni silabi moja, lakini kwa bibi ni tofauti ya kugeuza gari na kusubiri kidogo. Hakuturuhusu maana yake mambo yamekwisha, amekataa. Hajaturuhusu maana yake hadi sasa bado, lakini huenda akaruhusu. KU inafunga mlango. JA inauacha wazi.

Watoto wetu wengi hutumia KU kila mahali. Bibi akiuliza, "Daktari kaja?" mtoto hujibu, "Hakuja." Bibi anachukua mkoba wake ainuke, maana amesikia kwamba leo daktari hayupo. Jibu lililotakiwa ni "Hajaja," au "Bado hajaja."

Mifano zaidi:

Hakupiga simu (ilikuwa apige, hakupiga). Hajapiga simu (bado tunaingoja).
Hatukuegesha hapa (tulikwenda kwingine). Hatujaegesha (tunatafuta nafasi).
Kibali hakikutoka (tulinyimwa). Kibali hakijatoka (kinashughulikiwa).

Kumbuka pia ngeli. Kibali kiko katika ngeli ya KI-VI: kibali changu kimekwisha, vibali vyetu vimekwisha. Ruhusa ni ya ngeli nyingine: ruhusa yangu imekwisha. Maegesho ni kama maji na maziwa: maegesho haya yamejaa.

SAA NANE NI SAA NGAPI?

Hapa ndipo faini zinapozaliwa. Kibali kimeandikwa 8:00 mpaka 2:00. Mtoto anamwambia bibi, "Mpaka saa mbili." Bibi anahesabu: saa mbili asubuhi imeshapita, basi ni saa mbili usiku. Anatulia, anaagiza chai, anaanza kumsimulia jirani wa benchi habari za Ng'ambo na Malindi. Wakati huo gari huko nje limeshapitisha muda.

Bibi hajakosea hata kidogo. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Zanzibar iko karibu na ikweta, na jua lake huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo ni nyepesi na ya haki. Hapa Maskati jua linacheza zaidi: mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwezi wa Januari husogea hadi karibu saa moja asubuhi. Hata hivyo saa ya bibi haibadiliki, na sisi tutaifuata tunapozungumza naye.

Kanuni ni moja: saa ya simu na saa ya Kiswahili zinapishana kwa 6. Ukiona namba kuanzia 7 hadi 12, toa 6. Ukiona namba kuanzia 1 hadi 6, ongeza 6. Basi 8:00 asubuhi ni saa mbili asubuhi, na 2:00 mchana ni saa nane mchana.

Na kila mara taja sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Ukisema "saa nane mchana" hakuna atakayekosea.

KIBALI NI HODI

Wazee wetu hawakuwa na stika wala kadi za kuegesha magari, lakini walikuwa na hodi. Unasimama nje ya mlango na kuita hodi. Ukijibiwa karibu, unaingia. Ukiita mara tatu bila jibu, unaondoka, hunung'uniki. Kibali cha mgeni ni hodi iliyoandikwa, nayo ina adabu zake.

Kwanza, omba, usidai. Kwa Kiswahili hatusemi "nataka kibali". Tunasema "naomba kibali", au "naomba ruhusa tuegeshe hapa". Na ni vyema kuomba kabla ya safari. Kila chuo na kila hospitali ina utaratibu wake, na aliyekualika ndiye wa kuulizwa kwanza. Kuuliza si ujinga.

Pili, kibali cha mgeni kina mwisho. Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, ukikaa zaidi ya muda wa mgeni, fuata taratibu za wenyeji. Muda ukikaribia kwisha, ondoa gari au kaombe tena.

Tatu, kibali ni amana. Kikiandikwa nambari ya gari lenu, ni cha gari lenu. Hakiazimwi kwa ami wala jirani.

Nne, na hapa nazungumza kama muuguzi: nafasi za watu wenye ulemavu na njia za ambulensi si nafasi tupu. Dereva husema, "Dakika mbili tu." Lakini mgonjwa aliye ndani ya ambulensi naye huenda ana dakika mbili tu. Ikiwa bibi hawezi kutembea mbali, mteremsheni mlangoni, mtoto akae naye, kisha baba akaegeshe. Na kabla hamjamwacha mwambieni: "Bibi, baba anakwenda kuegesha, atarudi sasa hivi. Mimi niko na wewe."

JE, WAJUA?

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kule Marekani, nafasi za maegesho ni adimu. Profesa akipata Tuzo ya Nobel, chuo humpa nafasi yake ya kuegesha yenye kibao kilichoandikwa NL, yaani mshindi wa Nobel. Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Yeye lakini alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Angekuwa Berkeley, leo tungemtania kwamba Mswahili ameegesha pazuri kuliko wote!

MAZOEZI

A. Mwambie bibi kwa saa ya Kiswahili:
1. 7:30 asubuhi
2. 12:00 mchana
3. 3:15 mchana
4. 9:45 asubuhi

B. Jaza KU au JA:
1. Daktari ha__mwita bibi, tuendelee kusubiri.
2. Jana mlinzi ha__tupa kibali, tukarudi nyumbani.
3. Kibali haki__kwisha, bado nusu saa.
4. Magari haya__ingia, geti bado limefungwa.

C. Sahihisha:
1. Kibali yangu imekwisha.
2. Hii ni maegesho ya wageni.
3. Nataka kibali.

Majibu. A: 1. saa moja na nusu asubuhi, 2. saa sita mchana; 3. saa tisa na robo mchana, 4. saa nne kasorobo asubuhi. B: 1. JA, 2. KU, 3. JA, 4. JA. C: 1. Kibali changu kimekwisha. 2. Haya ni maegesho ya wageni. 3. Naomba kibali.

KAZI YA NYUMBANI, MTOTO NA MZAZI

Wiki hii, kila mnapofika penye geti, kizuizi au mashine ya tiketi, iwe chuoni, hospitali au dukani, mtoto amweleze mtu mmoja ndani ya gari mambo matatu kwa Kiswahili: wametaka nini, tumeruhusiwa au bado, na muda wetu unakwisha saa ngapi. Kama bibi au babu hayupo, mpigieni simu mkiwa mmeshaegesha na mumsimulie.

Wazazi, nawaomba msubiri. Mtoto atatafuta neno, atasitasita, na nyuma yenu kutakuwa na gari linalopiga honi. Usimmalizie sentensi. Muulize tu, "Hajaturuhusu au hakuturuhusu?" na umwache achague.

Mwandike katika daftari sentensi moja ambayo bibi au babu alijibu. Wiki ijayo tutazisoma darasani, na zile zenye neno ambalo hatulijui tutaziandika ubaoni.